Jinsi Kwaya za Thika na Ruiru Zilivyoendelea Kuimba Wakati wa Covid-19

Wakristo wa Thika, Ruiru na sehemu nyingine za Kaunti ya Kiambu walipitisha Pasaka mbili mfululizo bila kukusanyika kanisani. Ya kwanza ilikuwa tarehe 12 Aprili 2020, wakati ibada za ana kwa ana zilikuwa zimesimamishwa kote nchini. Ya pili ilikuwa tarehe 4 Aprili 2021, siku tisa baada ya ibada hizo kusimamishwa tena katika kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Mwaka huo wa pili, waumini wa Murang'a, ng'ambo ya Mto Chania, waliruhusiwa kuingia kanisani kwa idadi ndogo. Upande wa Thika, viti vya kwaya vilibaki vitupu.

Kwa kwaya, kufungiwa kwa miezi mingi ni hatari ya aina yake. Sauti isiyotumiwa hufifia, nyimbo husahaulika, na waimbaji waliozoea kukutana kila juma huanza kupotezana. Wengi waliogopa kwamba milango ikifunguliwa, hakutakuwa na kwaya ya kurudi. Lakini milango ilipofunguliwa, nyimbo zilisikika tena. Makala haya yanaeleza jinsi hilo lilivyowezekana, kwa nini kuimba kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyoogopwa zaidi, na mafunzo gani wakazi wanaweza kuhifadhi iwapo ugonjwa mwingine unaoenea kwa hewa utazuka.

Mambo yalivyoanza

Kisa cha kwanza cha Covid-19 nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020 na aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe. Siku mbili baadaye shule ziliagizwa kufungwa. Tarehe 22 Machi mikusanyiko ya ibada ilisimamishwa, na kuanzia tarehe 27 Machi kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza kutekelezwa.

Kwa kwaya nyingi za mijini, kafyu pekee ingetosha kuvunja mazoezi. Waimbaji wengi wa Ruiru na Thika hufanya kazi Nairobi na hurudi jioni kwa matatu kupitia Barabara Kuu ya Thika. Zoezi la saa kumi na mbili jioni haliwezi kufanyika iwapo kila mtu anatakiwa kuwa nyumbani saa moja. Isitoshe, matatu ziliagizwa kubeba abiria wachache kuliko kawaida, na nauli zikapanda.

Tarehe 6 Aprili 2020 likaja agizo jingine, la kuzuia watu kuingia au kutoka eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake. Kwa upande wa Kiambu, mpaka wa eneo hilo uliwekwa kwenye daraja la Mto Chania, mjini Thika. Mkazi wa Ruiru aliweza kufika Thika, lakini mwimbaji anayeishi Kabati au Kenol, upande wa Murang'a, hakuweza kuvuka daraja kumwona mwenzake wa Makongeni. Zuio hilo lilidumu hadi tarehe 7 Julai 2020.

Mazishi nayo yalibadilika. Katika jamii nyingi za Kiambu, kwaya huwa na familia tangu mikutano ya matanga hadi kaburini. Katika miezi hiyo ya kwanza waombolezaji wasiozidi 15 ndio walioruhusiwa kwenye mazishi, na nafasi hizo zilikuwa za jamaa wa karibu. Watu walizikwa bila wimbo. Wanakwaya walioshindwa kumwimbia mwenzao siku ya mwisho wanalikumbuka jambo hilo kuliko kafyu na barakoa.

Kwa nini kuimba kuliogopwa

Tarehe 10 Machi 2020, siku tatu kabla ya Kenya kutangaza kisa chake cha kwanza, kwaya moja katika eneo la Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, ilifanya mazoezi yake ya kawaida ya jioni. Watu 61 walihudhuria na kuimba kwa muda wa saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili zilizofanana na za mafua. Baadaye wachunguzi wa afya waligundua kwamba wanakwaya 53 waliugua: 33 walithibitishwa kwa vipimo na 20 walihesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa na ugonjwa huo. Wawili walifariki.

Habari hizo zilienea duniani na kuwafanya watu wengi waamini kwamba wimbo wenyewe ndio ulioua. Uchunguzi zaidi ulionyesha kwamba jambo lenyewe lina sura pana zaidi.

Mtu anapopumua, kuzungumza au kuimba, hutoa matone ya aina mbili. Yale makubwa huanguka chini upesi, kwa kawaida katika umbali wa mita moja au mbili. Yale madogo sana, yasiyoonekana kwa macho, hubaki yakielea hewani na kusambaa chumba kizima. Mfano rahisi ni moshi wa jiko. Jiko la makaa likiwashwa nje, anayelipepea huona moshi kidogo na upepo huuchukua. Likiwashwa ndani ya chumba kilichofungwa, baada ya nusu saa hata aliye kwenye kona ya mbali atakohoa. Moshi ni ule ule na jiko ni lile lile. Kilichobadilika ni hewa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol nchini Uingereza waliwapima waimbaji 25 mwaka wa 2020. Walikuta kwamba kuimba na kuzungumza kwa sauti ya kiwango kimoja hutoa matone madogo yanayokaribiana kwa wingi. Tofauti kubwa ilitokana na ukubwa wa sauti: mtu alipotoka kwenye sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa, kiasi cha matone hayo kiliongezeka mara 20 hadi 30.

Mafunzo yake kwa kwaya yalikuwa wazi. Hatari haikuwa katika maneno wala katika sauti nzuri. Ilikuwa katika mambo manne yakikutana: watu wengi, chumba kisichopitisha hewa, muda mrefu, na sauti kubwa. Zoezi la kawaida la kwaya, ndani ya ukumbi uliofungwa madirisha kwa sababu ya baridi ya Julai, lina yote manne. Ukiondoa moja, hatari inapungua. Ukiondoa matatu, inapungua sana.

Kujifunza wimbo bila kukutana

Kazi ya kwaya ina sehemu kadhaa, na si zote zinazohitaji watu kuvuta hewa moja. Kujifunza wimbo, kukariri maneno na kusikiliza sauti yako ni mambo ambayo mwimbaji anaweza kuyafanya peke yake. Hapo ndipo simu ya mkononi ilipookoa jahazi.

Kwaya nyingi za Kenya husoma muziki kwa solfa, yaani herufi za do, re, mi, fa, so, la, ti. Mfumo huo ulisambazwa na Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, na ulifika Afrika Mashariki pamoja na wamishenari. Faida yake wakati wa janga ilikuwa kubwa kuliko wengi walivyotarajia. Kwa kuwa solfa huandikwa kwa herufi za kawaida, karatasi moja ya wimbo inaweza kupigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp, na hata mstari mmoja unaweza kuchapwa kama ujumbe mfupi kwa mwenye simu ndogo.

Utaratibu uliofaa ulikuwa huu. Mwalimu wa kwaya anarekodi kila sauti peke yake: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Anatuma rekodi nne kwenye makundi manne ya WhatsApp, kila kundi la sauti moja. Mwimbaji anasikiliza akiwa anapika au akiwa njiani, anafanya mazoezi, kisha anajirekodi na kumtumia kiongozi wa sauti yake. Kiongozi anasahihisha: hapa umeshuka, pale umewahi.

Njia hii ilifichua jambo ambalo mazoezi ya pamoja huwa yanalificha. Katika kundi la watu kumi wa sauti ya tatu, mmoja anaweza kujificha nyuma ya wenzake kwa miaka. Akijirekodi peke yake, hana pa kujificha. Wapo walioona haya na kunyamaza, na wapo walioimarika kuliko wakati mwingine wowote.

Kikwazo kilikuwa gharama. Rekodi na video hula data, na mtu aliyepoteza kibarua hana fedha za bando. Rekodi fupi za sauti hula data kidogo kuliko video, kwa hiyo kwaya iliyotaka kuwa na kila mtu ilifanya vyema kubaki kwenye sauti pekee.

Kwa nini kwaya haiwezi kuimba kwenye Zoom

Watu wengi walijaribu kuimba pamoja kwa mkutano wa video na wakashangaa kusikia vurugu. Kosa halikuwa la waimbaji.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde. Wanamuziki huweza kwenda pamoja bila shida iwapo sauti inachelewa kwa takriban sehemu 30 za elfu za sekunde au chini ya hapo, sawa na kusimama mita 10 kutoka kwa mwenzako. Katika mikutano ya video, ucheleweshaji mara nyingi huzidi sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hiyo ni kama sauti ya kwanza kusimama langoni mwa uwanja wa mpira na sauti ya nne kusimama zaidi ya mita 34 mbali, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Wimbo huzidi kupungua mwendo hadi unakwama. Tena programu hizo zimetengenezwa kwa mazungumzo: husikilizisha msemaji mmoja na kupunguza sauti nyingine, zikidhani ni kelele.

Kwa sababu hiyo, video za kwaya zilizoonekana mitandaoni wakati wa janga, zenye nyuso nyingi katika vijisanduku, hazikuimbwa kwa wakati mmoja. Mbinu yake ilijulikana duniani mwaka wa 2010, wakati mtunzi wa Marekani Eric Whitacre alipounganisha rekodi za waimbaji 185 kutoka nchi 12. Kila mwimbaji husikiliza kinanda au mdundo kupitia visikizi vya masikioni, huimba peke yake huku akijirekodi kwa simu nyingine, na hupiga kofi moja mwanzoni. Fundi hupanga rekodi zote kwa kufuata kofi hilo.

Kazi hii hudai subira. Wimbo wa dakika nne wenye waimbaji 20 una dakika 80 za rekodi za kusikiliza na kusafisha, kabla ya kuzichanganya. Nyumbani nako kuna jogoo, watoto na mashine ya kusaga ya jirani. Ndiyo maana Zoom ilibaki kufaa kwa mambo mengine: maombi, mashauri, kumsikiliza mwalimu huku kila mmoja akiwa amezima kipaza sauti chake.

Kurudi: saa moja, watu 100

Tarehe 6 Julai 2020 ilitangazwa kwamba maeneo ya ibada yangefunguliwa kwa awamu. Masharti yalikuwa makali: watu wasiozidi 100, ibada isiyozidi saa moja, barakoa kwa wote, na umbali kati ya mtu na mtu. Walio chini ya umri wa miaka 13 na walio zaidi ya miaka 58 hawakuruhusiwa, pamoja na wenye magonjwa ya muda mrefu. Shule za Jumapili na madrasa ziliendelea kufungwa.

Hesabu hiyo iliibana kwaya. Kanisa lililoruhusiwa watu 100 lingewezaje kuwapa wanakwaya 40 nafasi na kuwaacha waumini nje? Suluhisho la busara lilikuwa kwaya kugawanyika katika vikundi vya watu wanane au kumi na wawili, wawili au watatu kwa kila sauti, na kupokezana Jumapili kwa Jumapili. Kikundi kimoja kikipata mgonjwa, ni hicho tu kinachojitenga, na vingine vinaendelea.

Mazoezi nayo yalihamia nje, uwanjani au chini ya mti, Jumamosi mchana kabla ya saa za kafyu. Kuimba nje si rahisi. Upepo hubeba sauti na waimbaji hawasikiani. Kusimama kwa nusu duara, sauti ya nne ikiwa katikati, husaidia, na ukuta wa jengo nyuma ya waimbaji hurudisha sauti. Barakoa nayo hulowa upesi kwa pumzi ya mwimbaji, na ikilowa kazi yake hupungua. Kwa hiyo kila mmoja alihitaji ya pili mfukoni.

Mkato mwingine ulikuja tarehe 26 Machi 2021 na kuondolewa tarehe 1 Mei mwaka huo, ambapo makanisa ya kaunti tano yalifunguliwa tena kwa thuluthi moja ya nafasi zake. Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, Siku ya Mashujaa. Mnamo tarehe 11 Machi 2022 maeneo ya ibada yakaruhusiwa kujaa tena, kwa sharti kwamba waumini wawe wamechanjwa.

Wazee na watoto

Sharti la umri liliwalinda watu waliokuwa katika hatari kubwa zaidi. Lakini ndani ya kwaya liliacha pengo. Mara nyingi walio zaidi ya miaka 58 ndio hazina ya kwaya: wanajua nyimbo ambazo hazijaandikwa popote, na ndio wanaoshika sauti ya nne bila kutetereka. Kuambiwa mtu aliyeimba miaka 40 abaki nyumbani, akisikiliza ibada kwa redio, ni jambo zito. Wengi wao hawakuwa na simu za intaneti.

Kwaya zilizowakumbuka zilitumia njia nyepesi: kumpigia mzee simu ya kawaida, kumwomba aimbe wimbo wa zamani, na kumrekodi kijana anapoupokea. Mzee alibaki mwanakwaya, na wimbo ukapata mrithi. Mwezi Machi 2021 chanjo za kwanza zilifika nchini, na watu wenye umri wa miaka 58 na zaidi wakawekwa miongoni mwa waliotangulia kuchanjwa. Kwa wazee wengi, sindano hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa kurudi kwenye mstari wao.

Kwaya ni chama pia

Kwaya ya mtaani ni zaidi ya wimbo. Ni mahali pa kuchangiana kukiwa na msiba, arusi au mgonjwa. Kuanzia katikati ya Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka huo, kutuma fedha zisizozidi shilingi 1,000 kwa M-Pesa hakukutozwa ada, na mchango mdogo wa shilingi 100 au 200 ukawa na maana kwa mwenzao aliyesimamishwa kazi. Mwenye orodha ya simu za wanakwaya alijua nani hajajibu kwa siku tatu, na akampigia. Katika hali ya hofu, simu hiyo ilikuwa huduma ya afya kama nyingine yoyote.

Mlipuko mwingine ukitokea

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba Covid-19 si dharura ya kimataifa tena. Virusi bado vipo, na magonjwa mengine ya hewa, yakiwemo mafua makali na kifua kikuu, hayajatoweka. Kwaya, vikundi vya kaswida na vikundi vingine vya uimbaji vinaweza kujiandaa kwa kufanya yafuatayo:

1. Kuweka orodha ya simu za wanakwaya wote, wakiwemo wasio na simu za intaneti, na kuihuisha kila mwaka.

2. Kurekodi kila sauti ya kila wimbo sasa, wakati wote wapo, na kuhifadhi picha za karatasi za solfa mahali zaidi ya pamoja.

3. Kuandika nyimbo zinazojulikana na wazee pekee.

4. Kufungua madirisha na milango ya pande mbili za ukumbi wakati wa mazoezi, hata hali ikiwa baridi. Kuvaa sweta ni nafuu kuliko kuuguza.

5. Kupanga mapumziko ya kutoka nje kila baada ya dakika 30, ili hewa ya ukumbi ibadilike.

6. Kukubaliana kwamba anayekohoa, mwenye homa au kikohozi kisichoisha hafiki mazoezini, na hatozwi faini kwa kukosa. Faini humsukuma mgonjwa kuja.

7. Kuwa tayari kugawanyika katika vikundi vidogo iwapo maagizo ya afya yatahitaji, na kufuata maagizo hayo kama yanavyotangazwa.

Mwanakwaya mwenye kikohozi cha zaidi ya wiki mbili anashauriwa asingoje. Vipimo vya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Wakazi wanaweza pia kuzungumza na wahudumu wa afya ya jamii wa mtaa wao kuhusu chanjo na jinsi ya kupitisha hewa katika kumbi za ibada na mikutano.